Likizo Nyumbani: Nani Ashike Usukani?

Kila Desemba ikikaribia, simu zinaanza. Ndugu anakuja likizo, anatoka Muscat au London au Mwanza, na kabla hajafunga begi anataka kujua jambo moja: akifika Dar es Salaam akodi gari aendeshe mwenyewe, au atembee kwa teksi na bajaji? Ukilisikia hivi hivi ni swali la fedha. Nimekaa kwenye mjadala huo na kaka yangu, wifi yangu na mama yetu, na nimeona kwamba fedha ndiyo sehemu yake nyepesi. Ndani yake kuna mama aliyezeeka, kuna macho ya majirani, kuna riziki ya dereva, na kuna jambo ambalo mgeni wa likizo huliruka: amekuja nyumbani kwa ajili ya nani?

Nianze na jiji lenyewe, maana asiyelijua atadhani tunakuza mambo. Sensa ya 2022 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 5,383,728, ongezeko la milioni moja na zaidi tangu sensa ya 2012. Watu hao hawakwenda kujenga Kariakoo wala Posta. Walikwenda pembezoni, Chamazi na Mbande, Kongowe, Goba, Madale, Boko, Bunju. Wilaya zilizokuwa tatu, yaani Kinondoni, Ilala na Temeke, zilimegwa zikazaliwa Ubungo na Kigamboni. Undugu nao umetawanyika vivyo hivyo. Mama yetu yuko Charambe, Mbagala. Baba mdogo alinunua kiwanja Bunju wakati huko bado ni mikorosho na mihogo. Shangazi yuko Kigamboni.

Kutoka Charambe hadi Bunju ni zaidi ya kilomita 40 na bado hujatoka jijini. Unaifuata Kilwa Road mpaka Uhasibu, unashika Mandela, unapita Tazara, Buguruni na Ubungo, unaingia Sam Nujoma mpaka Mwenge, kisha Bagamoyo Road kupitia Lugalo na Tegeta. Daraja la Mfugale pale Tazara, lililofunguliwa 2018, na barabara za juu za Kijazi pale Ubungo, zilizofunguliwa 2021, zimetupunguzia adha kubwa. Lakini jioni foleni inahamia kwenye taa zinazofuata, na mtu anayetaka kumsalimia baba mdogo kisha arudi kulala kwa mama anahitaji siku nzima.

Kaka alikuwa na jibu lake kabla hajapanda ndege. "Mdogo wangu, nitafutie RAV4 au Harrier," aliniambia. "Mimi huku naendesha mpaka Salalah. Dar itanishinda?" Na kweli anaendesha. Muscat hadi Salalah ni kama kilomita 1,000, nyingi zikiwa za jangwa, na amezipita na watoto nyuma. Alichukua bei ya kukodi kwa siku, akaizidisha, akailinganisha na nauli za teksi za familia ya watu watano kwenda na kurudi, na gari likashinda. Wifi akaongeza la watoto na mizigo yao. Kulikuwa na la tatu ambalo hakulitaja mpaka nilipombana. "Miaka yote hii niko Uarabuni," akasema, "nitafikaje mtaani kwa mama nikishuka kwenye bajaji?"

Silidharau neno hilo. Aliyekulia uswahilini anajua kwamba mtu anayerudi hasalimiwi peke yake; anasalimiwa na alichorudi nacho. Majirani waliomsaidia mama kulipa ada ya shule wakati ule, waliomkopesha unga, wana haki yao ya kumwona kijana wao amekuwa mtu. Mama hajawahi kumwomba mwanawe gari. Hata hivyo siku gari liliposimama mbele ya uzio wake alitoka na kanga mpya, akalizunguka, akalishika boneti kwa kiganja. Heshima ya mzazi ni kitu halali, na mtoto anayeitafuta hafanyi ubaya. Ila ina gharama zake, na gharama hizo hazimo kwenye hesabu ya kodi ya siku.

Kulipata gari kulinifundisha mengi. Dar es Salaam kampuni za kukodisha magari zipo, lakini watu wengi wa kawaida hukodi kwa mtu: rafiki wa rafiki ana RAV4 yake, hatumii mwezi huu, mnakutana sheli mnakubaliana. Hapo mtu anaulizia bei tu, akisikia nzuri anatoa pesa. Mimi nasema soma gari kwanza, bei baadaye. Angalia kibao cha namba. Gari binafsi lina kibao cha njano, gari la biashara lina cheupe. Lenye kibao cha njano kwa kawaida limekatiwa bima ya matumizi binafsi, na likipata ajali mikononi mwa mtu aliyelikodi kwa pesa, kampuni ya bima inayo sababu ya kugoma kulipa. Kisha uliza ni bima gani. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga wewe, haigusi gari unaloendesha. Bima kubwa ndiyo inayolilipia na gari lenyewe. Siku hizi huna haja ya kuamini stika kwenye kioo; unaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na unaona kila kitu. Faini za trafiki nazo zinaangaliwa kwa namba hiyo hiyo. Kosa moja ni shilingi 30,000, na deni linaifuata namba ya gari popote liendapo, awe amekosa mwenye gari, mpwa wake au mtu aliyelikodi kabla yako.

La kwetu lilikuwa na kibao cheupe na bima kubwa. Kaka alilizunguka na simu mkononi akipiga picha kila mchubuko: bampa la nyuma, rimu ya mbele kushoto, kioo cha pembeni chenye ufa mwembamba kama unywele. Akafungua buti, akatoa tairi la akiba akalibonyeza, akahesabu jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto. Mwenye gari alisimama pembeni akimwangalia, wala hakuchukia. Kwa uzoefu wangu, mwenye gari anayenuna ukipiga picha ndiye wa kumkimbia. Wakaandikishana kwenye karatasi: mafuta juu yetu, gari lirudi na kiwango kile kile cha mafuta, lisivuke Bagamoyo bila kuambiana, dhamana irudishwe siku ile ile.

Nimekuwa nikisoma habari za watalii wanaokwenda Cancun, Mexico, na nimeona wanapigania jambo hili hili. Gari la kukodi linatangazwa kwenye intaneti kwa bei ya kutamanisha, halafu mtu akifika kaunta anaongezewa bima ya kumlipa mtu wa tatu, ambayo sheria ya kule inaitaka, maana ile aliyokata kwao Marekani kwa kawaida haitambuliwi. Barabarani anakutana na matuta yasiyo na alama. Akiamua kuchukua teksi, anaingia kwenye ugomvi mwingine: Januari 2023 madereva teksi wa Cancun waliziba barabara ya kuelekea kwenye mahoteli kwa sababu ya mvutano wao na Uber. Bahari ni nyingine na fedha ni nyingine, lakini mgeni ni yule yule. Anadhani analinganisha bei mbili, kumbe kila bei imeficha jambo ambalo hakuambiwa.

Kilichofichwa kwenye bei ya gari letu kilikuwa macho ya kaka.

Oman wanaendesha upande wa kulia wa barabara, sisi tunaendesha kushoto. Usukani kule uko kushoto, hapa uko kulia, na kwenye magari yetu haya ya Japani hata kijiti cha indiketa kimehamia mkono wa pili. Safari ya kwanza kwenda Bunju, kila tulipokata kona waipa zilianza kufuta kioo kikavu, kwa sababu mkono wa kaka ulikuwa na mazoea ya miaka mingi. Alikuwa dereva mzuri, na kwa sababu ni mzuri aliendesha kwa tahadhari kubwa. Pale Mtongani bodaboda mbili zilimpita pande zote mbili kwa wakati mmoja. Karibu na Uhasibu lori la kontena lilimbana. Njia za mwendokasi katikati ya Kilwa Road zilikuwa wazi kabisa ubavuni mwake, lakini hazimruhusu mtu wa gari binafsi, kwa hiyo alikaa kwenye foleni mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, mabega yamepanda.

Mama alikaa mbele, pembeni yake. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo kwa muda mrefu. Tulipopita Mtoni alianza kumwonyesha kitu upande wa kushoto, akakatiza katikati. Akajaribu tena tulipofika Tazara. Kaka aliitika "ehe, mama", lakini hakugeuka, na asingeweza kugeuka. Mtoto wa kiume wa kaka alipouliza swali kutoka nyuma, mama akamnyamazisha kwa upole: "Mwache baba aangalie njia." Kuanzia hapo hadi Mwenge hakuna aliyesema neno la maana. Tulifika Bunju, tukapokewa, baba mdogo akapewa shikamoo yake, na jambo la kwanza ambalo kaka aliomba lilikuwa chai na mahali pa kunyoosha mgongo. Alilala sebuleni huku baba mdogo, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka, akipunguza sauti ya redio ili asimwamshe.

Naomba nisieleweke vibaya. Gari lilitusaidia. Usiku mmoja mtoto wa jirani alibanwa na pumu, mvua inanyesha, na mitaa ya ndani ya Charambe mvua ikinyesha si ya kila gari. Kaka aliamka, akawasha, tukamfikisha Hospitali ya Temeke. Ukiwa na gari nje ya mlango saa kama hiyo unashukuru Mungu, na hakuna hesabu ya nauli inayoweza kushindana na jambo hilo. Nani angekubali kuja Charambe saa hizo? Anayeishi huku anazijua simu za madereva wa programu za simu. Unaomba gari, dereva anakubali, anapiga: "Unaelekea wapi?" Ukitaja Mbagala ndani, au Chamazi, au Mbande, kimya. Baada ya muda safari imefutwa.

Lakini gari lililokodiwa likishalala mtaani kwetu halibaki kuwa la aliyelikodi. Binamu anaomba apelekwe Kariakoo akachukue mzigo kwa sababu "gari si limekaa tu". Kamati ya harusi inaliona. Mtu ana mgonjwa, mwingine ana mgeni stendi ya Magufuli pale Mbezi. Maombi mengi yalikuwa ya haki, na kaka si mtu wa kukataa. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyekuja kupumzika akawa dereva wa ukoo. Alikuwa akitoka asubuhi na kurudi usiku, watoto wake wakimwuliza shangazi, yaani mimi, baba amekwenda wapi. Wifi aliniambia jikoni, tukimenya vitunguu, kwamba Muscat huwa anamwona mumewe zaidi ya hapa.

Kisha mwenye gari akalihitaji gari lake, na kodi ikaisha kabla ya likizo kuisha. Hapo ndipo tukamwita mzee wa kijiwe.

Kijiwe chake kiko Mtoni kwa Azizi Ally. Amekaa pale tangu enzi za teksi zenye mstari ubavuni, kabla ya programu za simu, na namba yake iko kwenye simu ya mama kwa jina la "Mzee Teksi". Tulitaka kwenda Kigamboni kwa shangazi, halafu watoto wacheze baharini Mjimwema. Kaka alifikiria njia ya Daraja la Nyerere, lile la Kurasini lililofunguliwa 2016, kwa sababu ndilo analolijua kwenye picha. Wifi alitaka watoto wapande pantoni la Magogoni. Mzee alisikiliza wote, akasema, "Nyie mko Mbagala. Kwa nini mwende mjini ndiyo mrudi? Tushuke Kongowe." Akakata Kongowe, akatupeleka kwa barabara ya Mjimwema, bila daraja wala kivuko. Mtu unayemlipa nauli unamlipa na kichwa chake. Ramani ya simu inajua barabara zilipo, na mzee yule anajua zikoje siku hiyo na saa hiyo.

Lakini si njia iliyonifanya niandike haya. Ni kiti cha nyuma.

Kaka alikaa nyuma na mama. Mikono yake haikuwa na kazi. Hatukuwa tumefika hata Rangi Tatu mama akaanza, kwanza habari za majirani waliofariki, kisha akarudi nyuma zaidi, miaka ya mwanzo ya 1980. Akazungumzia mabasi ya UDA, Ikarus ndefu zilizoungwa katikati ambazo watu waliziita kumbakumba, na jinsi zilivyokuwa zikipungua moja moja kwa kukosa vipuri mpaka vituo vikajaa watu tangu alfajiri. Akakumbuka uhaba wa mafuta, Jumapili alasiri barabara nyeupe kwa sababu magari binafsi yalikatazwa kutembea bila kibali. Mzee akadakia kutoka mbele. Mwaka 1983 Serikali iliporuhusu watu binafsi kubeba abiria, alisema, yeye alikuwa kijana, akapata ukonda kwenye gari la chai maharage, lile ambalo abiria wanakaa wakitazamana. Mama akacheka, akasema huenda alishawahi kumdai chenji.

Halafu akamwambia kaka jambo ambalo hakuna mtoto wake aliyekuwa akilijua. Kaka akiwa mchanga aliumwa. Mama alimpeleka hospitali, na wakati wa kurudi alisubiri basi Kariakoo mpaka giza likaingia, halikuja. Akamfunga mgongoni kwa kanga akatembea kwa miguu mpaka Mtoni. "Ulikuwa unaungua," alisema. "Kila nikifika penye taa nasimama nakuangalia kama unapumua."

Kaka ana miaka zaidi ya arobaini. Alimshika mama mkono na kukaa hivyo hivyo mpaka Kongowe, bila kusema kitu. Nilikuwa nimebanwa na watoto upande wa dirisha na niliwaona wote wawili. Habari hiyo mama alikuwa nayo siku zote. Nadhani ndiyo aliyoianza Mtoni siku ile ya safari ya Bunju, akakatiza ili mwanawe aangalie njia.

Kwa sababu hiyo nasema hesabu zetu za likizo zinakosea kitu cha kuhesabu. Tunahesabu shilingi kwa kilomita. Mtu anayeishi mbali na wazazi anapaswa kuhesabu saa alizokaa nao akiwa na macho na masikio yake yote. Ukishika usukani Dar es Salaam unazitoa saa hizo kwa barabara, na barabara za jiji letu hazirudishi chenji. Sisemi hivyo kwa mtu wa hapa anayeendesha kila siku, ambaye anaweza kubishana siasa huku akikwepa bajaji. Nasema kwa anayekuja kwa muda mfupi, kwenye jiji lililobadilika tangu alipoondoka.

Lipo la dereva pia, na sitaki kulipita haraka, kwa sababu ndipo tunapoonyesha sisi ni watu gani. Siku ya safari ya pili ya Bunju kaka alimwuliza mzee bei. Mzee akataja vitu vitatu: kwenda, kurudi na kusubiri. Kaka akakubali viwili, cha tatu akakipinga. "Baba, ukikaa chini ya mwembe nakulipa nini?"

Mzee hakukasirika. "Mwanangu," alisema, "hesabu ya tajiri haijui mwembe. Nikizunguka naipeleka, nikikaa naipeleka."

Asiyewahi kuendesha gari la mtu hawezi kulijua jambo hilo. Madereva wengi wa teksi na bajaji wa jiji hili hawamiliki wanachoendesha. Kila siku kuna kiasi wanachompelekea mwenye chombo, ndiyo hesabu, na kinatoka kabla ya mafuta, kabla ya chakula chao, kabla ya ada ya mtoto. Wengine wako kwenye mkataba, wanalipa kwa miezi ishirini na zaidi mpaka chombo kiwe chao, na siku wanazougua zinawarudisha nyuma. Wa programu wana mkato mwingine juu yake. Uber waliingia Dar es Salaam mwaka 2016, na wateja tukafurahia nauli. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, iliposema kampuni za programu zisikate zaidi ya asilimia 15 ya nauli ya dereva, Uber wakasimamisha huduma zao Aprili mwaka huo, wakarejea 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Sisi abiria tuliliona kama usumbufu wa kukosa gari kwenye simu. Kwa dereva, asilimia kumi zile ni chakula cha jioni. Hata yule anayefuta safari akisikia Chamazi ana sababu yake: anajua atarudi mtupu mpaka Mtoni, kwa mafuta yake, kwenye barabara inayokula bushi. Inaniudhi bado ninapokuwa mimi ndiye ninayesubiri kwenye mvua. Lakini naielewa.

Kaka alimlipa mzee kusubiri. Alimlipa vizuri, na baba mdogo akamkaribisha ndani akala nasi ubwabwa. Jioni hiyo wakati wa kurudi foleni ilikuwa mbaya kuanzia Tegeta, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu watoto walikuwa wamelala kwenye mapaja na watu wazima walikuwa na mazungumzo. Ilipofika Lugalo kaka alikuwa akimwuliza mama maswali ambayo sijawahi kumsikia akiuliza kwenye simu za kila Ijumaa, juu ya babu, juu ya shamba la Mkuranga, juu ya baba.

Sasa ndugu na marafiki wananiuliza mimi, kila anayetaka kuja. Nawajibu bila kuzunguka. Kwa matembezi ya ndani ya jiji, tafuta dereva mmoja, mtu anayejulikana na watu wa nyumbani kwako, ukubaliane naye kwa siku badala ya kwa safari, na mlipe kusubiri kwake. Kwa njia fupi za mtaani bajaji inatosha na haimshushii mtu hadhi. Mkitaka kwenda Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka katikati ya jiji, kuona magofu ya Kaole na kurudi jioni, kodi gari pamoja na dereva wa mwenye gari. Posho yake ni ndogo kuliko uchovu wako. Kama ni Morogoro, tangu Juni 2024 kuna treni ya SGR, iliyoanza kwa nauli ya shilingi 13,000 daraja la kawaida, na teksi utaikuta huko huko. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, au mzazi anayehitaji kufikishwa kliniki kila mara, kodi gari bila kusita, likae mlangoni hata lisipotumika. Na kama unakodi ili mtaa ukuone, mpelekee mama pesa hiyo mkononi. Atajua mwenyewe namna ya kuuonyesha mtaa.

Ila kabla ya hayo yote, kabla hujatuma dhamana kwa mtu wala kuweka programu kwenye simu, mpigie mama yako umwulize anatamani kupelekwa wapi. Mama yetu alipoulizwa, alitaja kwa rafiki yake wa zamani pale kwa Azizi Ally, na kwenye kaburi la baba, Chang'ombe. Kote ni Temeke, na kote bajaji inafika.